Kijungu cha Mrututu

Habari za kifo cha Bi Tatu zililetwa na kijana wa baiskeli, saa nne ya asubuhi, nami nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akanipa shikamoo yangu, nikaitika marahaba, akasema ametumwa kutoka Mlingotini. "Bi Tatu, mjane wa Mshamu, amefariki jana, Bibi. Hitima ni kesho kutwa baada ya alasiri. Binti yake, Asha, kasema wewe uambiwe kwa jina, na usikose." Nikamuuliza, kwa jina gani? "Mwanahawa aliyekuwa mke wa Sefu wa simu," akasema. Miaka zaidi ya hamsini hakuna aliyeniita hivyo, na mwenyewe nilidhani waliolijua jina hilo wote wamekwisha kufukiwa. Mkono ukateleza, meno ya mbuzi yakanichana kiganja, damu ikaingia kwenye nazi ya watu. Nikawamwagia kuku nazi yote, nikafunga kitambaa mkononi, nikamwambia yule kijana anywe maji kisha arudi akaseme kwamba nitakuja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule, nimeolewa miezi minane, Mwingereza yupo na vita vya pili havijaja. Sitaeleza nani alinizaa wala posa ilikujaje, kwa kuwa hayo hayakumwua mtu. Nilikaa Bagamoyo mjini, nyumba ya mkwe wangu Bi Chausiku, nyumba ya mawe yenye ua nyuma na chumba kimoja cha mbele ambacho wanaume walikifanya barza. Mume wangu Sefu alikuwa mtu wa ofisi ya simu. Msifikiri simu hizi za kutia masikioni. Ile ilikuwa ya kugongagonga: karani anabonyeza chuma hapa, na chuma kingine kinalia Dar es Salaam. Sefu hakuwa karani, yeye alikuwa mtunza betri, na siku hizo betri haikuwa kitu cha kununua dukani na kutia mfukoni. Ilikuwa chumba kizima.

Nilikiona mara moja, Ijumaa, makarani wamekwenda msikitini na Sefu ana funguo. Alinipitisha mlango wa nyuma nimejifunika buibui hadi machoni. Rafu tatu za mbao, na juu yake mitungi arobaini ya kioo, kila mmoja mkubwa kama kichwa cha mtu. Chini ya kila mtungi pamelazwa kipande cha shaba, juu ya shaba yamemwagwa mawe ya mrututu, yale mawe ya buluu ambayo sisi tulikuwa tukiyajua kwa dawa ya madonda tu, na mdomoni pamening'inizwa zinki yenye vidole kama mguu wa kunguru. Maji ya chini ni buluu kabisa, ya juu ni meupe, na katikati yamepakana bila kitu chochote kuyatenga. "Mpaka huo ndio kazi yangu," Sefu akaniambia kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa mzuri siku ile, nakiri. "Buluu ikipanda ikagusa zinki, betri imekufa. Ikishuka sana, imekufa vilevile. Mrututu ukipungua naongeza, maji yakikauka naongeza, na sitikisi kitu." Nikasogea karibu. Pua yangu iliwasha, mdomoni nikapata ladha ya senti, na moyo wangu wote ukaishikilia ile buluu. Sikuwahi kutamani kitu cha mwanamume kama nilivyoitamani rangi ile.

Maana mimi nilikuwa msukaji. Kila mwanamke wa mtaa wetu alisuka mikeka, na kila mmoja alichovya ukindu wake kwenye rangi zilezile za dukani, nyekundu na zambarau, ambazo mvua moja tu ikizipiga zinamlilia mwenyewe. Nikamwambia Sefu aniletee mrututu. Akasema hauguswi, ni wa serikali. Nikamwambia basi niletee masazo, yale unayoyakwangua chini ya mtungi. Akacheka. "Nisipoleta?" Nikamwambia, "Utakula dagaa wasio na chumvi mpaka Ramadhani." Siku tatu alikula dagaa wasio na chumvi, ya nne akaja na kifurushi ndani ya kanzu. Nikautia kwenye kijungu changu cha udongo, nikamimina maji ya moto, nikalaza mashada ya ukindu, mengine nikiyachanganya na manjano. Yalitoka kijani cha jani la mgomba likiwa changa, na mengine rangi ya maji ya kina. Siku moja nilisahau kisu mle ndani. Nilipokivuta kilikuwa kimevaa shaba, chekundu kama pete, na Bi Chausiku akapiga yowe kwamba nimemwingiza jini jikoni.

Mjukuu wangu Idi, anayetengeneza redio pale Manzese, ameniambia kisu kile hakikuwa na jini. Alinifungulia redio akanionyesha kibao chenye njia nyembamba za shaba, akasema, "Bibi, hii shaba hutandazwa kiwandani ndani ya maji ya mrututu. Umeme unaichukua majini unaigandisha inapotakiwa, kama kisu chako." Akaniambia pia kwamba ziko chumvi za madini, mrututu mojawapo, ambazo huko viwandani hutiwa kidogo tu kati ya vitu viwili vinavyotazamana bila kufanyana lolote, mara vikashikana, na chumvi yenyewe ikabaki ilivyokuwa. Inaitwa kichocheo. Nikamwambia wachochezi kwetu Bagamoyo tulikuwa nao wengi, wanavaa kanzu. Alicheka sana, maskini, hakujua nasema nini.

Sefu alikuwa mpigaji. Nalisema hivi hivi kwa sababu nimechoka kusikia wazee wa siku hizi wakisema zamani watu walistahiana. Karani mkuu, mtu mfupi wa kutoka ng'ambo ambaye watumishi walimwita Bwana Waya, alikuwa na rula ya mpingo, na mtungi ukipasuka au waya ukiota kutu aliwapiga watu wazima kwenye vifundo vya vidole huku wamekiweka kiganja mezani wenyewe. Sefu akirudi na vidole vimevimba, mimi ndiye niliyekuwa meza yake. Mchuzi una moto, kofi. Mchuzi umepoa, kofi. Bi Chausiku alikuwa akigeuza uso, anasema, "Vumilia mwanangu, mwanamume ni mvua, itapita." Na mimi nilikuwa nampiga paka. Lakini kwenye habari ya mrututu Sefu hakunipiga. Aliponiona nimekaa uani na kili zangu za kijani, mikanda ya kushonea mkeka, mapajani, wanawake wa mtaa wamenizunguka wananiuliza nimeipata wapi rangi hiyo nami nawajibu "kwa Mungu," alikuwa anatabasamu. Kila wiki kifurushi kilikuwa kikubwa zaidi. Nikaona masazo gani haya yenye pembe kali na mng'aro, mawe mazima yasiyowahi kuguswa na maji. Niliona, na sikuuliza. Mkeka ulikuwa umefika katikati na nilihitaji buluu ya pindo.

Wakati wa vuli simu ikafa. Karani anabonyeza na Dar es Salaam haijibu. Bwana Waya akaingia chumba cha betri, akakuta mitungi maji yake meupe mpaka chini, akafungua sanduku la mrututu ambalo lilipasa kutosha mpaka mwisho wa mwaka, akakuta vumbi. Waliokuwa na njia ya kuingia mle ni watatu: Sefu, mlinzi mtu mzima aliyeitwa Mzee Pazi, na Mshamu, mtunza betri mwenzake Sefu. Aliwapanga ukutani akawapiga rula ya uso mmoja baada ya mwingine, akawaambia ifikapo Jumamosi mwizi asipojitokeza, wote watatu watakwenda polisi.

Jioni ile Mshamu alikuja barzani kwetu. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa vile alikuwa mtu wa hodi tatu, na asipoitikiwa anaondoka. Kwao Mlingotini. Mkewe Tatu alikuwa na mimba ya kwanza, na kila alipokuja mjini alitufungia samaki kwenye jani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la mihogo. Shavu lake lilikuwa na mstari wa rula, mwekundu, lakini sauti ilikuwa ileile ya taratibu. "Ndugu yangu Sefu, mimi sikuchukua. Wewe hukuchukua. Mzee Pazi tunamjua. Polisi watatupiga mpaka tukubali tusilolifanya. Tusome Halbadiri. Tunywe kombe sote watatu mbele ya watu. Mwenye hatia Mungu amwonyeshe, na sisi wengine tutoke tumesafika." Nikasikia kitanda cha kamba kikilia chini ya Sefu. Kisha Sefu akasema, "Tusome hapahapa kwangu."

Kwa msomaji asiye wa pwani, Halbadiri ni kisomo cha kumshitakia Mungu aliyekudhulumu. Kinasomwa, na mtu anaumwa, anavimba, anachanganyikiwa, wengine hufa. Kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi na maji, zikanywewa. Watu wa kwetu waliogopa Halbadiri kuliko jela. Mshamu alipoondoka niliingia barzani nikamuuliza mume wangu, "Ule mrututu wangu ni masazo kweli?" Alinipiga ngumi ya sikio. Nikiwa chini akainama akanipulizia maneno usoni: "Mali ya serikali haina mwenyewe. Halbadiri haiijui." Aliogopa kama mtoto, naye alikuwa amekwisha kukubali, na kukataa sasa kungekuwa sawa na kuungama.

Alhamisi baada ya alasiri nyumba ilijaa. Wanaume barzani na kibarazani mpaka barabarani, wanawake uani kwenye mafiga. Mimi nilikaanga vitunguu huku sikio langu bado linavuma. Kisomo kilipanda kikashuka, mara sauti zote pamoja, mara ya mwalimu peke yake, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, na wanawake wakawa hawaongei, hata waliozoea kuongea mbele ya maiti. Nilikwenda dirishani kuchukua kijungu changu nikiondoshe njiani. Hakikuwapo. Nilikuwa nimekiacha asubuhi kimekauka, na chini kimeota mrututu mgumu, umeganda udongoni kama ukoko, ambao nilikuwa nimekusudia kuuloweka tena kwa ukindu wa mwisho.

"Mama," nikamwambia Bi Chausiku, "kijungu cha dirishani kiko wapi?"

"Nimewapa wanaume. Mwalimu ametaka chombo cha udongo cha kukingia kombe, chuma hakifai."

"Mama, kile kina..."

"Nimekisuuza, mwanangu. Mimi si mchafu." Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na ndani ya kijungu kile cheusi asingeona hata nyoka.

Hapo ndipo mahali ninaporudi kila siku ya maisha yangu. Kutoka mafigani mpaka mlango wa barza ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Ningekwenda nikamwita mtoto yeyote, nikamwambia mwambie mwalimu abadilishe chombo. Lakini ningeulizwa kwa nini. Nikajiambia kimesuuzwa. Nikajiambia maji ni mengi, watu ni watatu. Nikaendelea kukoroga vitunguu mpaka vikaungua.

Mzee Pazi alikunywa kwanza kwa umri wake. Sefu akanywa wa pili, kwa kuwa nyumba ni yake na Mshamu alikataa kumtangulia mwenye nyumba. Kila mmoja alipewa funda tatu. Mshamu akapewa kilichobaki, nacho kilikuwa kimekaa na kuyeyuka. Walioshuhudia walisema alikunja uso, akakitazama kijungu, kisha akakiinamisha akamaliza mpaka tone la mwisho, maana kombe halimwagwi wala halibakizwi. Adabu yake ndiyo iliyomnywesha. Zafarani ilificha rangi na marashi yakaficha harufu.

Haikupita muda wa kuvuta tasbihi mzunguko mmoja. Nilisikia mtu akikohoa, kisha sauti ya kutapika, kisha mtu akapiga ukelele ambao bado naota: "Buluu! Buluu, jamani! Mrututu unamtoka!" Kweli ulikuwa unamtoka, buluu na kijani juu ya kanzu yake nyeupe na juu ya msala. Katika mji mzima hapakuwa na mtu ambaye angeelewa vingine. Mrututu umeibwa, Halbadiri imesomwa, mrututu umetoka tumboni mwa mtu. Hata mimi ninayejua, ningekuwa pale nisiyejua, ningeamini. Mwalimu alipaza sauti, "Mwacheni! Akishaonyeshwa ni wa Mungu, si wa fimbo!" na mtu akamsukuma mwalimu akaanguka juu ya vyetezo vya ubani.

Wa kwanza kupiga alikuwa Sefu. Sikuambiwa, nilimwona mwenyewe, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimezikimbia zile hatua kumi na mbili na nimesimama mlangoni kichwa wazi. Alimpiga teke la tumbo Mshamu akiwa amepiga magoti anatapika, akamwita mwizi, akamwita mwana haramu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya nini. Labda aliamini kweli kwamba Mungu amemruka yeye akamshika mwizi mkubwa zaidi, na furaha ya kusalimika ikamtia wazimu. Labda alijua kila kitu. Kisha wakaja wengine. Bakora, viatu vya mti, mguu wa kitanda, mwiko wangu mwenyewe uliochukuliwa mkononi mwangu. Mshamu hakulia, alikuwa anajaribu kutamka kitu katikati ya kutapika na hawakumpa nafasi. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Unalia kama kuni mbichi.

Nikaokota kijungu kilichokuwa kimebingirikia mlangoni, nikakiinua juu, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Ni kijungu changu! Mrututu ni wangu, nachovyea ukindu! Sefu ndiye aliye..." Sikumaliza. Sefu aligeuka akanipiga mdomoni kwa kiwiko. Meno mawili ya chini yalinitoka, nikameza moja, na kijungu kikapasuka sakafuni. "Amepagawa!" akawaambia watu. "Mke wangu ana pepo, Halbadiri imempanda!" Wanawake wakanishika mikono na miguu wakanirudisha ndani, wakanifukizia ubani, na kila nilipofumbua mdomo damu ilinijaa, nao wakasema hiyo ni damu ya pepo anatoka. Nje walimburuta Mshamu mpaka ofisi ya simu wakamtupa mlangoni kwa Bwana Waya, ambaye alifunga dirisha.

Alikufa kwao Mlingotini siku ya tatu.

Askari walikuja. Waliuliza mtaa mzima nani kapiga, na mtaa mzima ukajibu kwamba hakupigwa na mtu, alishikwa na Halbadiri. Kisha askari mmoja, mtu wa bara mwenye upole, akaja mpaka nyuma ya pazia langu. "Dada, watu wanasema ulitoka nje ukapiga kelele. Ulisema nini?" Sefu alikuwa amesimama nyuma yake. Bi Chausiku alikuwa amekaa miguuni pangu, ameishika ncha ya kanga yangu kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, macho yake meupe yamenielekea. Mdomo wangu ulikuwa umevimba lakini maneno yangeweza kutoka. Niliwaza Sefu kunyongwa, nikawaza mimi mwenyewe kupandishwa gari, nikawaza mkeka. Ndiyo, niliuwaza mkeka. Nikamwambia, "Sikumbuki."

Nimekwisha kujitetea sana kwa ile mara ya kwanza, kwamba nilisema na nikavunjwa meno. Ni kweli, nilisema. Lakini mara ya pili niliulizwa kwa upole, hakuna aliyeninyanyulia mkono, na nilinyamaza.

Sehemu iliyobaki ni mbaya kuliko hiyo. Miezi miwili baadaye Sefu alininyanyulia tena mkono, kwa ajili ya wali mbichi, nami nilikuwa nimeshika mchi. Nilimpiga nao goti. Akaanguka, nikamsimamia nikamwambia, "Andika talaka tatu leo, au nakwenda kwa yule askari na vipande vya kijungu." Vipande nilikuwa nimevikusanya na kuvifunga kwenye tambara. Aliandika palepale sakafuni, goti limevimba kama dafu. Nikatoka nyumba ile, nikaenda zangu Miono, nikaolewa tena na mtu mwema aliyekuwa hajui kupiga hata ngoma. Nilikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa haki ya Mshamu. Nilijifungulia nalo mlango wangu, kisha nikalifukia shambani pamoja na vile vipande. Kule Mlingotini Tatu akajifungua mtoto wa kike, na mtoto akakua akiitwa binti wa mwizi wa buluu. Mkeka niliumaliza. Niliupeleka siku ya arobaini ya Mshamu kwa mkono wa mtu mwingine, nikasema ni sadaka.

Hitimani nilikwenda na Idi. Nyumba yao ni ya udongo, imeongezwa bati. Wanaume wamejaa ukumbini, wanawake chumbani na uani. Asha alinipokea mlangoni, mwanamke mnene mwenye mvi, na sauti ya taratibu ambayo niliitambua mpaka nikashika fremu. Hakunipa mkono. Aliniongoza mpaka kwenye mkeka chumbani, akaniketisha, nami nikatazama chini. Kijani, buluu ya pindo, manjano. Ukili wangu. Haukuliwa na mchwa wala haukufifia. Idi ananiambia ni huo mrututu, wadudu hawauwezi.

Dua ilipokwisha Asha alikaa mbele yangu, akaongea ili wote chumbani wasikie. "Mama aliutandika mkeka huu miaka yote, na hakutaka kuutupa. Alikuwa akisema mtu hatoi sadaka nzuri namna hii bila sababu. Amekufa hakujua sababu. Mimi nimemzika mama na jina la baba yangu limebaki juu. Watoto wangu walipigwa shuleni kwa jina hilo. Sasa nakuuliza wewe, uliyekuwa nyumba ile. Baba yangu alikuwa mwizi?"

Nilisimama. Magoti yangu si ya kusimama haraka, Idi akataka kunishika, nikamsukuma. Nikatoka chumbani mpaka mlango wa ukumbi walipo wanaume, nikasimama pale kama nilivyosimama siku ile, nikasema kwa mdomo wangu wenye pengo. Nikasema mrututu ulichukuliwa na mume wangu Sefu kwa ajili yangu. Nikasema kijungu kilikuwa changu na nilikijua kina nini kabla Mshamu hajanywa. Nikasema Mshamu alikuwa mwaminifu, alinywa mpaka mwisho kwa sababu ya adabu, nasi tukamwua. Nikasema askari aliniuliza nikamwambia sikumbuki, nami nilikuwa nakumbuka.

Mzee mmoja ukumbini akatamka "La haula." Mwingine akamwambia jirani yake kwamba bibi huyu amechoka, umri. Nilihisi mkono begani, nikageuka, na Asha akanipiga kofi la mdomo, kofi zito la mtu aliyetwanga maisha yake yote. Safari hii hapakuwa na jino la kung'oka. Wanawake wakapiga ukelele, Idi akaruka, nikamwambia akae chini. Asha alikuwa ananitazama, mkono wake bado uko juu. Kisha akaushusha. Akauondoa mkono wa yule aliyesema nimechoka, ambaye sasa alikuwa anataka kunikalisha, akavuta pazia la mlango wa nje likafunguka wazi, barabarani walikokuwa wamekaa vijana na majirani waliokosa nafasi.

"Sema tena," akaniambia. "Walioko nje hawakusikia."

Nikasema tena.